Riba Tunailaani Mimbarini, Nyumba Tunawaachia Wengine Wajenge



Ndugu wasomaji, akina baba na akina mama, na nyinyi wanafunzi wetu mlioko vyuoni. Wiki chache zilizopita baadhi yetu wa familia za hapa Mbale, pamoja na vijana wa chuo, tulikwenda kujitolea katika kiwanja cha shirika dogo la hapa mjini linalojengea nyumba nafuu watu wa kipato cha chini. Tulikwenda kifua mbele, tukarudi na aibu. Tumeona tusiifiche aibu hiyo kwa sababu si yetu peke yetu.

Tulikuwa watu zaidi ya arobaini. Tulikuwa na bango kubwa, na kila mtu alivaa fulana mpya iliyochapishwa jina la kikundi chetu na tarehe ya siku ile. Fundi alikuwa na kazi ya watu kumi na wawili. Mabeleshi yalikuwa matano, toroli moja, na pimamaji moja ambayo hakuna aliyejua kuitumia isipokuwa fundi mwenyewe. Hadi adhana ya Adhuhuri, watu wapatao thelathini walikuwa wamepiga picha, wamekunywa soda na kuusifu mlima Elgon. Ukuta uliojengwa na wanafunzi ulibidi ubomolewe kozi mbili kwa sababu ulikuwa umepinda. Mwisho fundi alituuliza kwa upole kabisa, fulana hizi mmenunua shilingi ngapi? Tukamtajia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa fedha hiyo sakafu ya vyumba vyote ingekwisha na saruji ingebaki.

Mwenye nyumba ni mjane mwenye watoto wanne, anauza mihogo na dagaa kando ya barabara. Yeye siku ile hakupiga picha. Alikuwa anachota maji ya kuchanganyia udongo, na tuliambiwa kwamba kabla ya zamu yake kufika alikuwa amekwisha kuchota maji na kubeba matofali katika nyumba za jirani zake wawili, ambao si ndugu zake wala si wa dini yake. Hiyo ndiyo kanuni ya shirika lile. Familia inayojengewa hutoa jasho lake kwanza kwenye nyumba za wenzake, kisha kwenye yake. Nyumba haitolewi bure. Gharama ya vifaa inapigwa hesabu, familia inalipa kidogo kidogo kila mwezi kwa miaka kadhaa, bila riba hata shilingi moja, na kila kinacholipwa kinanunua matofali ya familia inayofuata.

Someni tena sentensi hiyo ya mwisho, ndugu zetu. Bila riba hata shilingi moja. Mkopo wa namna hii sisi tunaujua kwa jina lake, ni qardhu hasan, na watoto wetu wa madrasa wanaweza kuueleza. Tatizo ni kwamba wanaweza kuueleza tu.

Kanuni hii ilitoka wapi? Mfano wake maarufu zaidi duniani ni shirika la Habitat for Humanity, lililoanzishwa mwaka 1976 huko Americus, jimbo la Georgia, Marekani, na Wakristo wawili, Millard Fuller na mkewe Linda. Fuller alikuwa mwanasheria na mfanyabiashara aliyekuwa tajiri mkubwa kabla hajafikisha miaka 30, kisha akauza mali na kuitoa. Karibu na Americus palikuwa na shamba la Koinonia, lililoanzishwa mwaka 1942 na Clarence Jordan, ambapo weusi na weupe waliishi na kulima pamoja wakati ambapo jambo hilo lilikuwa la hatari huko kusini mwa Marekani. Hapo ndipo walipopanga kujenga nyumba na kuwauzia maskini bila faida na bila riba.

Na walikwenda kulijaribu wapi? Si mbali na sisi. Mwaka 1973 Fuller na familia yake walihamia Mbandaka, Zaire ya wakati ule, Kongo ya leo, wakakaa miaka mitatu wakifyatua matofali ya saruji na kujenga. Sehemu ya ardhi waliyopewa ilikuwa ule ukanda ambao zamani za ukoloni ulitenganisha makazi ya wazungu na ya Waafrika. Kwa hiyo wazo hili ambalo leo linatujia na vipeperushi vya rangi kutoka ng'ambo lilifanyiwa majaribio kwa jua na mikono ya Wakongo, jirani zetu. Ndipo wakarudi kwao na kuanzisha shirika.

Hoja yao ya kukataa riba waliitoa katika Taurati, katika kitabu cha Kutoka, mlango wa 22, panapokatazwa kumtoza maskini riba. Ni katazo lile lile ambalo imamu wetu hulitilia mkazo kila Ijumaa, kwa sauti ya juu zaidi, na kwa dalili nyingi zaidi. Wao walisoma aya moja wakaichukulia mwiko na pimamaji. Sisi tunazo aya za Al-Baqara, tunazo Hadithi, tunazo kanda na sidii za mawaidha juu ya riba, na mjane wa dagaa alipotafuta mkopo usio na riba hakuupata msikitini. Aliupata kwao.

Hatusemi kila kinachofanywa na mashirika haya hakina doa. Habitat yenyewe leo si kila mahali inakopesha bila riba. Katika nchi nyingi inashirikiana na taasisi za mikopo midogo ambazo zinatoza. Na huko nyuma, katika baadhi ya nchi za Afrika ambako fedha ilikuwa inaporomoka, malipo yalifungwa kwenye bei ya mfuko wa saruji: ukikopa thamani ya mifuko mia, unarudisha thamani ya mifuko mia hata kama bei imepanda. Je, hiyo ni riba au ni uadilifu? Hilo ni swali zuri sana la fikihi, na tungefurahi kuona masheikh wetu na wanafunzi wa sharia wakikesha nalo. Lakini tazameni ajabu yake: swali hilo limezaliwa kwa watu waliokuwa wanajenga. Sisi hatujafika mahali pa kuulizana, kwa sababu hatujakopesha hata mfuko mmoja.

Wapo watakaosema, sasa tunayo benki ya Kiislamu. Ni kweli, alhamdulillah. Sheria ya Uganda ilirekebishwa mwaka 2016 kuruhusu benki za aina hiyo, na mwaka 2023 Benki Kuu ikatoa leseni ya kwanza. Tunalipongeza jambo hilo. Lakini benki ni benki. Itauliza hati ya ardhi, itauliza mshahara, itauliza mdhamini. Muuza dagaa mwenye kibanja chenye karatasi moja ya mwenyekiti wa LC atajibu nini? Huyu hahitaji benki iliyobadilishwa jina la mkataba. Anahitaji watu waliokubaliana kutopata faida juu yake.

Hebu tufanye hesabu, maana maneno ya riba bila hesabu yamekuwa wimbo. Chukueni mfano wa mkopo wa shilingi milioni 10, riba ya asilimia 18 kwa mwaka, kulipwa kwa miaka 10. Kila mwezi mkopaji atalipa shilingi 180,000 na kidogo. Akimaliza atakuwa ametoa zaidi ya milioni 21 na nusu. Amejenga nyumba moja na amelipia nyumba mbili, na ile ya pili hakuna anayelala ndani yake. Bila riba, kwa miaka hiyo hiyo 10, angelipa shilingi 83,000 na kidogo kwa mwezi. Na kama angekuwa na nguvu ya kulipa zile 180,000, deni lingekwisha kabla ya miaka mitano, na miaka mingine mitano ya fedha hiyo ingekaribia kuipandisha nyumba ya familia nyingine mpaka juu. Nyumba hiyo ya jirani ndiyo inayoliwa na riba.

Sasa tuje kwenye visingizio, kwani tumevisikia vyote, na vingine tulikuwa tukivitoa wenyewe.

Cha kwanza: hilo ni la makanisa, tusilisaidie. Ndugu zetu, Mtume (S.A.W.) kabla ya utume alishiriki katika mapatano ya Makka ya kumtetea aliyedhulumiwa, yale yaliyoitwa Hilf al-Fudhul. Waliokaa katika mapatano yale walikuwa washirikina. Na baada ya kuja Uislamu alisema kwamba lau angeitwa tena katika jambo kama lile angeitikia. Surat Al-Maida nayo inatuamrisha kushirikiana katika wema. Kumjengea mjane nyumba kuna ubaya gani hata tutafute pasi ya kuingilia? Tulikaa pale kutwa nzima, hakuna aliyetuhubiria. Adhuhuri ilipofika walituonyesha maji na pembe ya kivuli tukaswali, na fundi, ambaye ni Mprotestanti, aliwanyamazisha wabeba mawe hadi tulipotoa salamu.

Na kama mtu bado anaogopa, basi na aanzishe la kwetu. Hilo tunalisema kwa uchungu, kwani tulishaambiwa hivyo na wazee wetu, tukakubali, tukaunda kamati ya watu kumi na tano, tukachagua mwenyekiti, makamu, katibu, naibu katibu na mlezi. Imebaki hivyo. Lipo kundi la simu, na ndani yake asubuhi watu hutumiana picha za maua zenye "Jumaa Mubarak".

Cha pili: msikiti kwanza. Nani anapinga msikiti? Lakini tuseme ukweli. Katika vijiji vyetu imekuwa kawaida kukuta msikiti wa vigae uliojengwa na mfadhili kutoka Ghuba, una kibao cha marumaru chenye jina la marehemu mzazi wake, Mwenyezi Mungu amrehemu, na hatua ishirini kutoka hapo muadhini anaishi katika kibanda cha miti na udongo kinachovuja. Mtume (S.A.W.) alipofika Madina alibeba matofali ya msikiti kwa mikono yake. Hilo tunalihadithia sana. Lakini wakati huo huo Ansari walikuwa wamewafungulia Muhajirina milango ya nyumba zao, na pembeni ya msikiti ule ule likawekwa banda la kuwasitiri wasio na makazi, Ahlu Suffa. Kwa hiyo hata jengo la kwanza lilikuwa na nafasi ya mtu asiye na paa.

Na sisi wa huku Mbale hatuna udhuru wa kusema hatujui nyumba mbovu inafanya nini. Tumezika. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022 mito Nabuyonga na Namatala ilifurika, zaidi ya watu 20 wakafa, na nyumba za udongo zilizokuwa bondeni zikayeyuka kama sukari. Bududa, Machi 2010, mlima uliporomoka ukafunika kijiji cha Nametsi. Novemba 2024 ukaporomoka tena, safari hii Bulambuli. Kila mara tunafanya jambo zuri: tunakusanya mablanketi, unga, sabuni na nguo kuukuu. Mwezi wa pili tunarudi kwenye shughuli zetu. Wale watu hawakukosa blanketi tu. Walikosa mahali pazuri pa kujenga na msingi wa mawe, mambo ambayo mtu hawezi kuyanunua kwa faida ya mihogo.

Cha tatu ni cha wale wanaojua kidogo elimu: zaka haifai kujenga nyumba. Hapa panahitaji utaratibu, na tunawaomba masheikh watusahihishe. Wanaostahiki zaka ni makundi manane yaliyotajwa katika Surat At-Tawba, aya ya 60, na mafakiri na maskini ndio wa mwanzo. Wanazuoni wengi wanashurutisha kwamba zaka imilikishwe mwenyewe anayestahiki. Haya basi, mnunulieni maskini mabati na saruji, mkabidhini mkononi, vimekuwa mali yake. Mwenye deni aliyelemewa ametajwa katika aya ile ile, basi mlipieni mjane miezi aliyokwama. Ama mfuko wenyewe wa kukopesha na kuzunguka, huo tusiutie zaka kabla ya kuuliza. Huo una mlango wake, nao ni sadaka na wakfu. Babu zetu waliweka wakfu mashamba na visima. Ni nani kati ya matajiri wetu wa leo, wenye viwanja vitatu vinavyoota magugu kandokando ya barabara ya Tororo, aliyeweka wakfu kimoja wajengewe wasio na ardhi?

Tunataka kusema pia na wachangiaji, kwani Waislamu wanatoa, hilo halina shaka. Tatizo ni namna ya kutoa. Tunatoa Ramadhani, kwa fujo, kisha tunalala miezi kumi na moja. Nyumba haijui Ramadhani. Ikifika linta mwezi wa nne fedha ikakatika, mvua za masika zitaipiga, tofali lisiloiva vizuri litanyonya maji, ukuta utabweteka, na mwezi wa sita fundi ataanza kwa kubomoa. Fedha ile ile, tena ya halali, imegeuka tope. Shirika lile lilituambia kwamba mtu anayetoa mfuko mmoja wa saruji kila mwezi bila kukosa anawafaa kuliko anayeleta mifuko hamsini siku moja na mpiga picha. Halafu wapo wanaotaka kuchangia mabati tu kwa sababu mabati yanaonekana. Hakuna anayetaka kuchangia msingi, na choo cha shimo hakitajwi kabisa, kana kwamba familia itakaa juu ya paa.

Na nyinyi mtakaojengewa, tusiwasamehe. Tumesikia Waislamu wenzetu wakiambizana kwamba fedha ya shirika ni ya wazungu, hailipwi. Huo ni wizi, na si wazungu wanaoibiwa. Aliyepata nyumba akaacha kulipa amemwibia mwanamke anayefuata kwenye orodha, ambaye amekwisha kubeba matofali yake akingoja zamu. Qur'ani imetuamrisha tumpe muhula mdaiwa aliye katika dhiki. Haikumpa muhula mwenye boda boda mpya mlangoni. Tunamtangulizia kila mtu kwenye jeneza swali la madeni ya marehemu, tena kwa sauti mbele ya umati. Tuliulize hilo swali mapema, akiwa hai na anaweza kulijibu.

Ama wa kujitolea, tujifunze kutokana na fedheha yetu. Mwaka 2019 Jimmy Carter, rais wa zamani wa Marekani aliyekuwa akijenga na Habitat tangu 1984, alianguka nyumbani kwake akiwa na miaka 95, akashonwa nyuzi usoni, na siku iliyofuata alikuwa kiwandani Nashville na jicho limevilia damu. Alifariki Desemba 2024 akiwa na miaka 100. Hatumtaji kwa siasa zake, kila mtu ana lake. Tunamtaja kwa sababu alirudi, mwaka hadi mwaka, mpaka akajua kazi. Kiwanja hakihitaji watu arobaini siku moja. Kinahitaji watu wanane kila Jumamosi, wale wale, ambao mwezi wa tatu fundi hatabomoa tena kozi zao. Kinahitaji mwanafunzi wa sheria akae na familia kabla ya kuchimba msingi, aisome karatasi ya kibanja, aulize kama mashemeji wa mjane wametia sahihi au watakuja na panga nyumba ikishaezekwa. Kinahitaji mama anayejua hesabu ashike daftari la malipo. Hakuna fulana katika kazi hizo.

Nyumba ya yule mama sasa imefika kwenye kenchi. Mabati hayajatosha, milango yote miwili haipo, na amejitundikia turubai chumba kimoja akahamia na watoto kwa sababu kule alikokuwa amepanga kodi imemshinda. Tumeuza bango letu kwa fundi wa turubai, akatupa nusu ya bei tuliyonunulia. Kamati ya watu kumi na tano tumeivunja. Jumamosi baada ya Alfajiri tutakutana nje ya msikiti, wanane, na nafasi mbili ziko wazi kwa wanaojua kupiga misumari ya bati. Anayekuja aje na beleshi lake.

Wabillahi tawfiq.